Bendera ya Jahazi: Je, Mchoraji Alikosea?

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari mjini Mbulu. Baada ya mazungumzo, mwalimu wao wa fizikia, wanafunzi wawili na mimi tuliingia katika mgahawa mdogo kunywa chai. Ukutani palikuwa na picha iliyochorwa kwa rangi za kung'aa. Ilionyesha pwani yenye minazi, mvuvi aliyesimama mchangani, jua lililojitokeza nusu juu ya bahari, na jahazi kubwa lililoelekeza omo kushoto huku tanga lake limejaa upepo. Chini ya maji walionekana samaki wawili wakubwa kama mtumbwi. Juu ya mlingoti bendera ilipepea, nayo ikielekea kushoto.

Kutoka Mbulu hadi baharini ni zaidi ya kilometa 400 kwa mstari ulionyooka, na wanafunzi wale hawakuwa wamepata kuiona bahari. Hata hivyo, mmoja wao aliitazama picha ile kwa makini, kisha akaniambia, "Mwalimu, fundi huyu amekosea. Jahazi linakwenda kushoto, na bendera nayo inapepea kushoto. Mbona bendera ya gari hupepea kwa nyuma?" Niliitazama, nikacheka, nikamjibu kwamba ameona vyema, na kwamba wachoraji wasiosomea kazi yao hukosea mambo kama hayo.

Kesho yake, basi lilipokuwa likiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dareda, nilitambua kwamba aliyekosea ni mimi. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa mwanafunzi yule.

Wachoraji wasiopita shuleni

Yafaa kwanza tueleze picha kama hizi hutoka wapi. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Wilaya ya Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam. Hakuwa amesomea uchoraji. Alitumia vibao vya hadibodi badala ya kitambaa maalumu, na badala ya rangi za wasanii alitumia rangi za kung'aa za aina ipakwayo baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendeleza mtindo huo unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Yeye mwenyewe alijulikana zaidi kwa picha za wanyama na ndege. Waliomfuata waliongeza vijiji, masoko, na pwani yenye majahazi. Picha ya pale mgahawani ilikuwa ya mkondo huo.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Nilipokuwa nikisoma Uingereza niliziona picha za Alfred Wallis katika nyumba iitwayo Kettle's Yard, mjini Cambridge. Wallis, aliyezaliwa mwaka 1855 na kufariki mwaka 1942, alikuwa baharia na mvuvi. Alianza kuchora akiwa mzee wa miaka takriban 70, akitumia vipande vya maboksi na rangi za kupaka mashua. Merikebu zake nazo ni kubwa kupita kiasi, na nyumba za pwani zimeinama huku na huku. Watu hawa wawili hawakujuana, wala hawakufundishwa na mwalimu mmoja. Lakini wote wawili walichora kwa vifaa walivyovizoea, na kwa kufuata wanachokijua kuliko kile ambacho jicho huona kutoka mahali pamoja.

Jicho huona nini?

Hebu tupime. Jahazi lenye urefu wa meta 20 likiwa umbali wa kilometa 2, uwiano wa urefu wake na umbali huo ni 20 kwa 2,000, yaani 1 kwa 100. Penseli yenye unene wa milimeta 7, ikishikwa sentimeta 70 kutoka jichoni, ina uwiano huo huo. Kwa hiyo penseli ile yaweza kulifunika jahazi zima.

Sasa tuutazame mstari ambapo bahari na mbingu huonekana kukutana, yaani upeo wa macho. Dunia ni mviringo, na nusu ya kipenyo chake ni kilometa 6,370 hivi. Kwa kutumia kanuni ya Pythagoras, mwanafunzi aweza kuthibitisha kwamba umbali wa upeo wa macho ni takriban kipeo cha pili cha 2 mara nusu-kipenyo cha dunia mara kimo cha jicho, pale "kipeo cha pili" kinapokuwa na maana ya kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa zao hilo. Mtu aliyesimama ufukoni, jicho lake likiwa meta 1.6 juu ya maji, huona upeo ulio kilometa 4.5 tu mbele yake. Jahazi likivuka hapo, mwili wake huanza kuzama nyuma ya mviringo wa dunia, na mlingoti huwa wa mwisho kutoweka. Mlingoti wenye kimo cha meta 15 waweza kuonekana hadi kilometa 18 hivi, hewa ikiwa safi.

Katika picha yetu, jahazi limekaa zima juu ya mstari wa upeo, nalo limechukua theluthi nzima ya kibao. Kama kweli lingekuwa hapo, kilometa 4.5 kutoka kwa mtazamaji, lingeonekana dogo kuliko nusu ya unene wa penseli. Hapa basi mwanafunzi ana haki ya kusema kwamba picha hailingani na jicho. Lakini je, hilo ni kosa? Katika kitabu cha biolojia chembe hai huchorwa kubwa kama sahani, na katika ramani mji huonyeshwa kwa kitone kisicholingana na mitaa yake. Hatusemi kwamba vitabu hivyo vimekosea, kwa sababu tunajua kusudi la michoro hiyo. Mchoraji wetu vile vile alitaka kamba, tanga na mabaharia waonekane. Samaki aliwachora kwa kuwa wamo majini, ingawa mtu wa ufukoni hawaoni. Kanuni yake ni ukubwa kwa kadiri ya umuhimu, wala si kwa kadiri ya umbali.

Upepo na bendera

Suala la bendera ni la namna nyingine. Hapa hakuna kuchagua kanuni: ama bendera hupepea hivyo ama haipepei.

Gari linapokwenda siku isiyo na upepo, hewa imetulia na gari linaipasua. Kwa bendera iliyofungwa garini ni kana kwamba upepo unavuma kutoka mbele, na kwa hiyo hupepea kwa nyuma. Jahazi, kinyume chake, halina injini katika picha hii. Linasukumwa na upepo wenyewe. Upepo ukitoka tezini, yaani nyuma, jahazi haliwezi kuushinda mbio upepo unaolisukuma, kwa sababu lingefikia mwendo wa upepo tanga lingelegea na msukumo ungekwisha, ilhali maji yangeendelea kulizuia.

Tuchukue mfano. Upepo unavuma kwa mwendo wa meta 8 kwa sekunde, na jahazi linakwenda meta 3 kwa sekunde kuelekea upande huo huo. Baharia aliyesimama ndani ya jahazi atahisi tofauti yake, yaani meta 5 kwa sekunde, nao utampiga mgongoni. Bendera huhisi upepo huo huo. Kwa hiyo itapepea kuelekea omo, mbele ya jahazi, upande ule ule lilikotunishwa tanga. Ndivyo hasa alivyochora mchoraji wetu. Angeifuata bendera ya gari, kama tulivyomtaka mwanafunzi yule na mimi, ndipo angekosea.

Yafaa kuongeza kwamba jahazi laweza pia kwenda kwa upepo wa ubavuni. Hapo bendera huelekea upande, na pengine nyuma kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, sharti tuangalie kwanza tanga limetunishwa wapi.

Picha yatuambia majira

Tukishakubali kwamba mchoraji aliuchora upepo sawasawa, picha yake inakuwa ushahidi. Mtu aliyesimama kwenye pwani ya bara letu na kuitazama bahari huelekea mashariki. Kushoto kwake ni kaskazini. Jua lililo juu ya bahari hapo ni jua linalochomoza. Jahazi linalokwenda kushoto na upepo nyuma yake linasukumwa na upepo utokao kusini, nao ni kusi, uvumao takriban Aprili hadi Septemba. Lingekwenda kulia kwa namna hiyo hiyo, tungesema ni kaskazi, uvumao takriban Desemba hadi Machi. Lakini ikiwa mchoraji alisimama pwani ya magharibi ya Unguja, jua lile linatua, kushoto ni kusini, na jibu letu linageuka. Mwanasayansi hana budi kutaja anachokichukulia kuwa kweli kabla ya kutoa jibu.

Pepo hizi mbili hutokana na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari. Katikati ya mwaka bara la Asia hupata joto jingi, hewa yake hupanda, na hewa ya Bahari ya Hindi huvutwa kuelekea huko. Mwisho wa mwaka Asia hupoa na mwendo hugeuka. Kwa karne nyingi manahodha wa Arabuni, Uajemi na Bara Hindi walikuja pwani yetu kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi.

Wala bahari hiyo si ngeni kwa Mbulu. Unyevu wa Bahari ya Hindi huchukuliwa na hewa hadi bara. Hewa hiyo ikikutana na ukingo wa Bonde la Ufa hulazimika kupanda, na kabla mawingu hayajafanyika hupoa kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila meta 100. Ikipandishwa meta 800, imepoa kwa nyuzi 8 hivi. Mvuke hugeuka ukungu, mawingu na mvua. Msitu wa Nou, ulio juu ya ukingo huo, hunufaika kwa unyevu ambao sehemu yake ilitoka bahari ambayo wanafunzi wetu wameiona pichani tu.

Jaribio

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili bila jahazi. Funga utepe mwepesi wa kitambaa kwenye kijiti, ukifunge kijiti wima kwenye usukani wa baiskeli. Siku yenye upepo mzuri, mwanafunzi na aendeshe polepole kwenye uwanja ulio wazi, upepo ukiwa mgongoni. Utepe utaelekea mbele. Aongeze mwendo kidogo kidogo: utafika wakati utepe utaning'inia umelegea, na hapo mwendo wa baiskeli umelingana na wa upepo. Akizidisha zaidi, utepe utageuka nyuma, kama bendera ya gari. Jahazi lisukumwalo kutoka nyuma hubaki daima katika hatua ya kwanza.

Mchoraji wa picha ile yawezekana hakupata kusoma habari za mwendo na mwendo linganifu. Alitazama tu, akakumbuka, akachora. Mimi nilikuwa na vitabu, lakini sikutazama. Ikiwa mwanafunzi yule atayasoma makala haya, ajue kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na ajaribu kwa baiskeli kabla ya kunisadiki mara ya pili.