Kujua Si Kuvunja

Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea bila mwisho, kama Euclid alivyothibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Zilizo ndogo tunazipima kwa kujaribu kigawo kimoja baada ya kingine. Lakini ile iliyovunja rekodi ya ukubwa Oktoba 2024, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha toa 1, ina tarakimu 41,024,320. Kompyuta haiwezi kujaribu vigawo vyake vyote hata ikipewa umri wa dunia. Imejulikanaje basi kuwa ni tasa? Ni kwa sababu kuijua namba kuwa tasa ni kazi moja, na kuivunja vipande ni kazi nyingine kabisa.

Namba za umbo hili zinaitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa wa Ufaransa aliyeziorodhesha mwaka 1644, na zina kipimo chake, kilichobuniwa na Édouard Lucas na kunyooshwa na Derrick Lehmer. Chukua 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5, toa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, unapata 14. Fanya vivyo hivyo kwa 14, unapata 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabaki 8. Fanya tena kwa 8, unapata 62, na baki ni 0. Hatua ni 3, pungufu ya kipeo kwa 2. Sifuri ikitokea hapo hasa, namba ni tasa, na hatujagusa kigawo hata kimoja.

Historia inaunga mkono hoja hii. Mersenne aliitaja namba ya kipeo cha 67 kuwa tasa. Mwaka 1876 Lucas alionyesha kuwa si tasa, bila kutoa kigawo chake chochote. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903, miaka 27 baadaye.

Atakayeuliza faida ana haki. Namba ya 2024 haifungi siri yoyote: kila mtu anaijua, tena ni nzito mno. Kinachofunga siri ni ule mwanya kati ya kujua na kuvunja. Katika mfumo wa kufunga siri uitwao RSA, namba tasa mbili za tarakimu mia kadhaa hupatikana upesi, lakini asiyezijua akipewa zao lake hana njia ya haraka ya kulivunja. Mwingine atasema tunaiamini mashine tu. Hesabu ile ilirudiwa kwa programu tofauti kwenye mashine tofauti. Zaidi ya hapo, mashine ilibeba mzigo wa kuzidisha na kugawa tu. Kanuni yenyewe ilithibitishwa kwa kalamu, nayo ni ileile iliyoipitisha 31 kwa hatua tatu.