Fundi, Mifuko 14 Imetoka Wapi?

Je, msomaji, fundi akikukabidhi kijikaratasi chenye nambari moja tu, wewe hufanya nini? Wengi wetu hulipa huku tukinung'unika.

Mama mmoja wa mtaa wa Migosi, mjini Kisumu, alikataa. Alikuwa akiongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba, futi 12 kwa 10, na fundi akamwandikia kwenye kipande cha mfuko: "Saruji 14". Basi. Binti yake wa kidato cha tatu alikuwa bado anadaiwa karo, na jirani aliyejenga chumba kama hicho alimwambia sakafu yake ilikula mifuko 8. Mama akaingiwa na shaka kwamba anaibiwa.

"Fundi, hii kumi na nne imetoka wapi?"

"Mama, kazi hii nimeifanya miaka mingi."

Hilo, msomaji, si jibu. Binti ndiye aliyeleta daftari na kumwomba fundi, kwa adabu, waanze upya, kila hatua na kipimo chake. Urefu futi 12, yaani mita 3.66. Upana futi 10, yaani mita 3.05. Unene wa sakafu inchi 4, yaani mita 0.10. Ukizidisha unapata mita 1.12 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mita moja ya ujazo hula karibu mifuko 6.4 ya kilo 50. Jibu ni 7.2, na kwa kuwa hakuna duka litakalokukatia robo mfuko, unanunua 8.

Na ile sita? Fundi alikuna kichwa, kisha akacheka. Ilikuwa ya plasta ya kuta. Alikuwa ameijumlisha kichwani bila kuiandika. Nusura mtu mwaminifu afukuzwe kazi kwa sababu ya mstari mmoja!

Hebu tazama hapo kwenye unene, maana ndipo wengi huteleza. Ukiandika 12 mara 10 mara 4 unapata 480. Lakini ni 480 gani? Si futi wala si inchi. Inchi 4 ni thuluthi ya futi, kwa hivyo ujazo ni futi 40 tu, na mita moja ya ujazo ni kama futi 35. Yaani mita moja na kidogo, sawasawa na hesabu ya daftari. Ukaguzi wa namna hii hauchukui hata dakika.

Binti alijifunza haya darasani. Karatasi za Hisabati za KCSE, mtihani ulioanza mwaka 1989, zimekuwa zikimwagiza mtahiniwa aonyeshe hatua zote, na kumjulisha kwamba anaweza kupata alama kwa njia sahihi hata jibu likiwa na kosa. Anayeandika jibu tupu na kukosea huambulia sufuri.

Usidhani ni mafundi wa mitaani pekee wanaoteleza. Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Waliopiga hesabu walizidisha lita kwa 1.77, nambari inayoleta ratili, kisha wakaliita jibu kilo. Nambari ile haikuandamana na kipimo chake, na hakuna aliyeishuku. Ndege ikaruka na mafuta yasiyofika nusu ya yaliyohitajika, na injini zote mbili zikazimika zikiwa angani. Kwa ustadi wa rubani, ilielea kama mwewe hadi uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada, na watu wote 69 wakatoka hai.

Nilipofika Migosi, ukurasa ule wa daftari ulikuwa umebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Chini yake fundi alikuwa ameanza hesabu ya mabati, kila nambari na futi yake.