Sura ya Sita: Joto la Prosesa na Hewa ya Kolwezi

Prosesa ya kompyuta ya mezani haisukumi wala hainyanyui kitu, kwa hiyo karibu umeme wote unaoingia ndani yake hugeuka kuwa joto, na joto hilo lisipoondolewa upesi kama linavyozalishwa, nyuzi hupanda hadi prosesa yenyewe ipunguze mwendo au kompyuta izimike. Anayeipandisha kasi, yaani anayeilazimisha ipige mapigo mengi zaidi kwa sekunde kuliko yale iliyopangiwa na kiwanda, huwa ameamua pia kuongeza joto, na jambo linalopaswa kumshughulisha kwanza ni njia itakayopitiwa na joto hilo la ziada na hewa ambamo litaishia.

Umeme unaotumiwa na transista, vile vijiswichi vya silikoni ambavyo prosesa moja huwa navyo kwa mabilioni, hukua sawia na idadi ya mapigo, lakini hukua kwa mraba wa volti. Mapigo yakiongezwa kwa asilimia 10 bila kugusa volti, joto huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Lakini mapigo mengi huhitaji volti zaidi ili prosesa isikosee hesabu, na volti nazo zikiongezwa kwa asilimia 10, matumizi hupanda kwa takriban asilimia 33. Tena silikoni iliyopata moto huvujisha umeme zaidi hata pale transista zinapokuwa zimefungwa, na umeme huo uvujao huzalisha joto jingine juu ya lile la kwanza. Volti, basi, ndiyo ya kuogopwa kuliko mapigo, na prosesa nyingi hukubali mwendo uleule kwa volti pungufu kidogo kuliko zile ambazo bodi mama huzitoa yenyewe bila kuulizwa.

Kutoka kwenye silikoni, joto hupita katika kifuniko cha prosesa, kisha katika pasti ya kupitishia joto, kisha katika kitako cha kipoza, na hatimaye katika mapezi membamba yanayopulizwa na feni. Kitako hicho mara nyingi ni cha shaba, kwa sababu shaba hupitisha joto kwa kiwango cha takriban wati 400 kwa kila mita kwa kila digrii moja, ilhali alumini haifiki 240. Pasti ni dhaifu kuliko zote mbili kwa makumi ya mara, na kazi yake ni kufukuza hewa katika mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, hivyo tabaka lake likipakwa nene hugeuka kuwa kizuizi. Mabomba ya joto yanayopanda kutoka kwenye kitako ni mirija ya shaba iliyozibwa ikiwa na maji kidogo na hewa ikiwa imeondolewa: maji hugeuka mvuke upande wa moto, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka tena maji na kuachia huko joto lake, kisha maji hurudi kwa kunyonywa na utando wa ndani.

Hakuna awezaye kusema kwamba kipoza fulani kimetengenezwa kwa shaba ya mkoa wa Lualaba, maana madini ya machimbo mengi huchanganywa kabla ya kufika viwandani, lakini mkazi wa Kolwezi ana haki ya kujua kwamba ardhi yake imo katika habari hii. Shaba husafishwa kwa umeme katika kiwanda cha Luilu, kando ya mji, tangu mwaka 1960. Mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitangaza kuwa nyaya za ndani ya prosesa, zilizokuwa za alumini, zingekuwa za shaba, na baadaye Intel ilitia kobalti katika baadhi ya nyaya nyembamba kabisa, madini ambayo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa Kongo, hasa hapa Lualaba na Haut-Katanga.

Shaba, hata hivyo, hupitisha tu. Hewa ndiyo hupokea. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako msongo wa hewa hupungua kwa kama asilimia 15 ukilinganishwa na pwani, na feni inayozunguka kwa mwendo uleule husukuma ujazo uleule wa hewa lakini uzito pungufu, hivyo hubeba joto pungufu. Kipoza kinachoiacha prosesa ya wati 150 ikiwa nyuzi 45 juu ya joto la chumba huko Mombasa kitaongeza nyuzi chache Kolwezi, hata kama chumba cha Mombasa na cha Kolwezi vina joto sawa. Kipoza cha maji hakiepuki sharti hilo, kwa kuwa maji hayo nayo hupozwa na hewa ileile ndani ya rejeta.

Vumbi ni adui mkubwa zaidi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua huwa hakuna, na malori ya madini yaendayo Likasi na Lubumbashi hutimua udongo mwekundu unaoingia katika kila tundu, ukaziba nafasi kati ya mapezi hadi kipoza kizuri kikawa bonge la chuma lisilopumua. Inafaa feni zinazoingiza hewa, zikiwa na vichujio, ziwe nyingi kuliko zinazotoa, ili hewa isinyonywe kupitia nyufa; mapezi nayo yasafishwe kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Kusafisha kukicheleweshwa hadi mvua za Oktoba, unyevu huligandisha vumbi, na hapo kazi huwa ngumu maradufu.

Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia mwendo zikifika nyuzi 100 za Selsiasi, na za AMD za kundi la Ryzen 7000 zikifika 95. Kikomo hicho huilinda prosesa. Hakifai kuwa mahali pa kuishi, na anayefanya kazi ya saa nyingi, kama kuchora umbo la miamba ya machimbo kwa kompyuta, atafanya vyema kubaki karibu na nyuzi 85. Mipangilio iliyofaulu usiku wa Juni, wakati baridi ya Kolwezi inapouma, haijathibitishwa: chumba cha nyuzi 15 kikifika 30, prosesa nayo hupanda kwa nyuzi 15 hivi au zaidi. Jaribio la kweli hufanywa alasiri ya Oktoba kabla mvua hazijashika, kasha likiwa limefungwa, prosesa ikiwa chini ya mzigo mzito kwa nusu saa au zaidi, na volti zikishushwa hatua moja ndogo kila mara hadi makosa yaanze kutokea, kisha zirudishwe juu hatua moja au mbili.