Mchoraji wa Mfalme na Hori la Bethlehemu

Kila seremala aijua ngeu, ile chaki nyekundu ya kutilia alama juu ya mbao kabla ya kupasua. Jiwe la namna hiyo, lililo udongo wenye kutu ya chuma, lilikuwa kalamu ya wachoraji wa Ufaransa zaidi ya miaka 200 iliyopita. Walilichonga likawa na ncha, wakachora kwalo mfano wa picha waliyokusudia kuipaka rangi baadaye.

Mmoja wao alikuwa François Boucher, aliyezaliwa Paris mwaka wa 1703 na kufa mwaka wa 1770. Husimuliwa kuwa mwenyewe alikisia michoro yake kupita 10,000. Zama zake ndizo ziitwazo Rokoko, zama za mapambo yaliyopindwapindwa, rangi laini na anasa nyingi. Boucher alizipendeza mno. Alichora miungu ya kike walio nusu uchi, na wachungaji waliovaa hariri ambao haielekei kuwa walipata kuchunga hata mbuzi mmoja. Mwaka wa 1761 mwandishi Diderot alimlaumu kuwa amejaliwa kila kitu ila ukweli. Lawama hiyo haikumzuia kupewa cheo cha Mchoraji wa Kwanza wa Mfalme Louis wa 15, mwaka wa 1765.

Je, mtu wa namna hiyo aweza kuaminiwa kuchora wachungaji wa Bethlehemu? Mwaka wa 1750 aliwachora, kwa ajili ya kanisa dogo katika kasri la Bellevue la Bibi de Pompadour, kipenzi cha Mfalme. Picha hiyo ya rangi, iitwayo Nuru ya Ulimwengu, sasa imo katika makumbusho ya Lyon. Ni nzuri, lakini ina utamu wa ikulu.

Habari hiyo ya horini aliirudia mara nyingine kwa chaki, na hapo ndipo lawama ya Diderot inapopungua nguvu. Chaki haina hariri. Hubaki mgongo ulioinama, mikono iliyokunjuliwa, na mama akimwelekea mwanawe. Tena chaki nyekundu haifutiki vyema, hata mstari wa kwanza hukaa kando ya ule uliosahihisha, na mtazamaji humwona fundi akisita.

Mchonga nakshi Gilles Demarteau aliistawisha njia ya kuiga mikwaruzo ya chaki juu ya shaba na kuipiga chapa, hivyo michoro ya Boucher ikaenea katika nyumba za watu wasioweza kununua picha ya rangi.