Inshaallah ya Katumba Songwe

Msafiri anayeambiwa ashuke "Songwe" na aulize mara mbili. Uwanja wa ndege wa Songwe haumo katika Mkoa wa Songwe, umo Mbeya. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 na makao yake yako Vwawa. Katumba Songwe nayo iko Kyela, imebaki Mbeya, na Songwe ya huko ni mto mwingine kabisa, ule unaotutenganisha na Malawi. Ukifupisha ukataja "Katumba" peke yake, yamkini ukajikuta Rungwe katikati ya mashamba ya chai. Hata Ziwa Nyasa, ukilipasua jina lake, ni "ziwa ziwa", kwani nyasa kwa Kiyao ni ziwa tu. Na pale mpakani Kasumulu watu hubadilisha shilingi kwa kwacha, neno lenye maana ya kumekucha, hata kama jua linazama.

Majina hayo humpotezea mtu nauli, basi. Yako maneno mengine yanayopoteza zaidi.

Chukua gunia. Mkulima wa mpunga husikia "gunia moja", kisha huletewa mfuko ulioshonewa kilemba juu, ndiyo lumbesa, na bei hubaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeikataza, na Surat Al-Mutaffifin ilianza kwa kuwaonya wapunjaji kabla ya sheria zetu zote. Lakini neno "moja" hutamkwa kwa utulivu kabisa, pengine na mtu ambaye udhu wake wa Adhuhuri haujakauka. Mchele huo ukifika mijini hukutana na mwingine usioijua hata harufu ya Kyela, nao umeandikwa "Kyela".

Hata hivyo, neno lililochakazwa kuliko yote ni letu wenyewe. Katika Surat Al-Kahf, aya ya 23 na ya 24, tumefunzwa tusiseme tutafanya jambo kesho bila kuliambatanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Ni adabu ya mja anayejua kwamba kesho si yake. Sisi tumeigeuza pazia. Mdai akiambiwa "nitakulipa Jumamosi" hurudi nyumbani na matumaini. Akiambiwa "nitakulipa Jumamosi, inshaallah", huanza kutafuta pa kukopa. Watoto nao wana masikio. Mtoto akiomba viatu vya Idi akajibiwa inshaallah, huenda kumuuliza mama yake, maana anadhani baba amekwisha kataa.

Werevu wana hoja ya fiqhi: aliyeapa akaunganisha kiapo chake na inshaallah hahesabiwi kuwa amekivunja asipotekeleza. Ni kweli. Ila Mtume (S.A.W.) amehesabu miongoni mwa alama za mnafiki kuahidi na kutotimiza, na hakuna mwanazuoni aliyesema kwamba inshaallah humfutia alama hiyo mtu aliyedhamiria tangu mwanzo kutolipa. Nusu ya kwanza ya somo tumeihifadhi vizuri mno.

Laiti mambo yangeishia ndani ya nyumba zetu. Kyela Waislamu tu wachache, na majirani zetu Wakristo wamelijifunza neno hili kutoka kwetu, pamoja na tafsiri tuliyowapa kwa vitendo. Siku moja sokoni nilimsikia mama wa Kinyakyusa, muuza mchele, akidai deni lake kwa kijana mwenye kofia.

"Jumamosi, mama, inshaallah."

"Inshaallah naijua, mwanangu. Mimi nauliza Jumamosi ya tarehe ngapi."

Waliokaa jirani wakacheka. Kijana hakucheka. Alitazama chini kidogo, akaingiza mkono mfukoni, akahesabu noti na kumpa nusu ya deni pale pale.

"Ndaga," akasema yule mama, ndiyo ahsante ya kwao, akaendelea kupima mchele. "Na hiyo iliyobaki?"

"Jumamosi hii, mama," akajibu kijana. Kisha, kwa sauti ndogo, kama aliyelitamka kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Inshaallah."