Kutenda bila Kulazimisha: Falsafa za Kistoa na Kitao katika Utendaji Kazi

Makala haya yanafafanua namna falsafa mbili za kale, ya Kistoa iliyochipuka Ugiriki na kustawi Roma, na ya Kitao ya China, zinavyoweza kuongoza utendaji kazi. Aghalabu falsafa hizi huelezwa kana kwamba zote mbili zinahimiza kuridhia hali ilivyo. Hoja ya makala ni kwamba kila moja hujibu swali lake: ya kwanza huuliza lipi ni jukumu la mtendaji, ya pili huuliza jukumu hilo litekelezwe kwa njia ipi.

Ustoa ulianzishwa Athens na Zeno wa Citium mnamo mwaka 300 KK. Baadaye Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wa mtu, yaani maamuzi na makusudi yake, na yasiyo katika uwezo huo, kama vile mali, sifa na cheo. Utenganisho huu haufuti wajibu. Marcus Aurelius, aliyetawala Dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180 BK, alikabiliwa na vita na maradhi ya kuambukiza. Hakuwa na uwezo wa kuamuru maradhi yakome. Alikuwa na uwezo wa kuamua atawale vipi yanapoendelea.

Katika Utao, dhana ya msingi ni wu wei, inayopatikana katika Daodejing, kitabu chenye sura 81 kinachonasibishwa na Laozi. Kuifasiri kuwa "kutotenda" kunapotosha. Maana yake ni kutenda bila kulazimisha. Kitabu cha Zhuangzi kinasimulia habari za mpishi aliyepitisha kisu katika nafasi za maungio ya ng'ombe, kisu kikadumu miaka 19 bila kunolewa. Wepesi huo ulitokana na kujifunza kwa muda mrefu, na penye ugumu mpishi alipunguza kasi.

Mfano wa kiutendaji ni mfumo wa umwagiliaji wa Dujiangyan, Sichuan, uliojengwa katika karne ya 3 KK chini ya gavana Li Bing. Li Bing hakuwa mwanafalsafa wa Kitao, lakini kazi yake inadhihirisha kanuni hiyo. Badala ya kuuziba mto Min kwa bwawa, wajenzi waliugawa: mkondo mmoja ukapeleka maji mashambani, mwingine ukapitisha mafuriko. Maji hufuata mkondo, naam, lakini mkondo huo ulihitaji kuondolewa tope mara kwa mara. Kutolazimisha si kutofanya kazi.

Hatari iliyopo ni mwajiri kuzigeuza falsafa hizi kuwa nyenzo ya kuwanyamazisha wafanyakazi. Utenganisho wa Kistoa, ukitumiwa kwa haki, humbana kwanza mwenye mamlaka. Afisa ugani hapaswi kupimwa kwa mavuno ya mwaka wa ukame, bali kwa ubora wa ushauri aliotoa na idadi ya wakulima aliowafikia. Vilevile, kusema ukweli juu ya sera mbovu kumo katika uwezo wa mtendaji. Kukaa kimya kwa kisingizio cha utulivu ni kuukimbia wajibu.

Kwa hiyo, washauri wa sera wanaweza kuanza na maswali mawili kabla ya kuweka malengo: je, jambo hili limo katika uwezo wa anayekabidhiwa? Na je, njia iliyochaguliwa inafuata mkondo uliopo au inashindana nao?