Vyuma Nyuma ya Meko

Wasomaji wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu hawajapata kuishi katika nyumba yenye meko ya ukutani, yaani lile shimo la kuotea moto lililojengwa sebuleni, na dohani yake ikapanda ndani ya ukuta mpaka juu ya paa. Joto la Pwani halituachii haja hiyo. Lakini mabinti zetu huolewa bara, nami ni mmoja wao. Mji wa Kisii uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mvua haina msimu wa kuisubiri. Nyamira, penye mashamba ya chai, baridi ya alfajiri huingia mifupani. Katika nyumba kongwe za zama za ukoloni meko hayo yangalipo, ingawa mengi hayajawashwa kwa miaka mingi.

Nyumba ya baba mkwe wangu, nje kidogo ya mji wa Nyamira, ilikuwa na meko ya namna hiyo. Fremu yake ilikuwa ya jiwe la sabuni, lile jiwe laini la Tabaka ambalo wachongaji wa Kisii hulifanya vinyago na bakuli ziuzwazo hata kwetu Mombasa. Bamba moja lililala juu mfano wa rafu, na mawili marefu yakasimama ubavuni. La juu lilikuwa na ufa, na mwanangu wa pili akapenda kulining'inia. Siku nilipoliona likicheza nilimwomba mume wangu tuiondoe fremu, tulizibe shimo, na mahali pake tuweke rafu ya misahafu na vitabu vya watoto. Baba mkwe akaridhia.

Mafundi walikuwa wawili, mzee na kijana wake. Walilitoa kwanza bamba la juu, kisha ya ubavuni, bila kutumia mtaimbo, kwa kuwa jiwe lile likibanwa pembeni hupasuka vipande. Nyuma yake tukaona mambo ambayo sikuyatazamia: masikio mawili ya chuma yaliyokuwa yamezishika fremu kwa skrubu, vigingi vya mbao vilivyopigiliwa kati ya mawe, misumari mirefu iliyoliwa na kutu, na juu ya mdomo wa shimo upande mmoja wa chuma bapa, mpana kama kiganja, uliotoka ukuta huu hadi ule.

"Mama, haya yote ni mabaki tu. Tunayakata, tunapiga plasta, yamekwisha," alisema kijana, grenda tayari mkononi.

Mzee akamwambia aizime. "Hicho cha juu umekiuliza kimebeba nini?"

Akachukua tindo ndogo na kubandua plasta juu ya kile chuma, upana wa vidole vinne hivi. Mawe ya dohani yalikuwa yameketi juu yake moja kwa moja. Ukuta wote ule, kutoka hapo hadi darini na kupita paa, ulikuwa umeegemea chuma hicho, na chini yake ndipo wanangu walipokuwa wakikaa jioni kufanya kazi za shule. Kijana aliiweka grenda chini pasipo kuambiwa mara ya pili. Nami nilikwenda jikoni nikaketi kidogo.

Basi kazi ikagawanyika. Masikio na misumari havikubeba kitu tena baada ya fremu kuondoka, kwa hiyo vingeweza kutolewa. Skrubu zilitiwa mafuta zikaachwa usiku kucha. Asubuhi moja ikafunguka kwa bisibisi, ya pili ikakataa. Hiyo haikupigwa nyundo, maana kuipiga ni kulegeza jiwe linaloishika. Sikio lake lilikatwa, kisha shina likachimbwa mpaka likazama ndani ya ukuta, kina cha kifundo cha kidole. Kukata usawa wa ukuta na kupaka plasta juu hakutoshi. Chuma kikishika kutu huvimba, kikasukuma plasta na kuacha doa la hudhurungi. Sisi watu wa Pwani tunalijua hilo kuliko wengine: ni nani asiyeona sakafu ya ghorofa karibu na bahari ikibanduka na nondo zikichungulia?

Vigingi vya mbao vilitolewa vyote, kwani vilikuwa vikavu kama kuni na mchwa walikwisha kuonja viwili. Matundu yalinyunyiziwa maji, yakajazwa mchanga na chokaa pamoja na saruji kidogo, mara mbili, la kwanza likikauka ndipo la pili. Saruji tupu ni ngumu mno kwa ukuta wa zamani.

Ama kile chuma cha juu, mzee alikisugua kwa brashi ya waya na kukigongagonga kila mahali. Chini ya magamba kilikuwa kizima. Kingalikuwa kimeoza, alisema, angaliuegemeza ukuta kwa nguzo na kumwita mhandisi kabla ya kugusa jiwe lolote. Kilipakwa rangi ya kuzuia kutu, na shimo likajengwa kwa matofali yaliyobana hadi kukifikia, ili mzigo upate msaada wa chini.

Tuliacha tundu dogo lenye wavu ili dohani ipumue, na juu ya paa ikafunikwa dhidi ya mvua. Jiko la makaa halikuingia tena sebuleni: dohani imezibwa, na hewa ya makaa huua waliolala bila harufu ya kuwaonya. Na yeyote atakayekuta kamba au ubao wa kijivu wenye nyuzinyuzi nyuma ya meko asiukwangue. Huenda ni asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Afunge chumba na kuwatafuta watu wenye leseni ya kuiondoa.

Bamba lenye ufa lilikatwa likawa kizingiti cha jikoni. Rafu imekwisha kutundikwa, skrubu zake zikiwa mbali na kile chuma. Mume wangu alichora ukuta ule kwenye karatasi, akaandika vipimo vya mahali kilipo, nami nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.